Kutengeneza maji ya ziwa kwenye meza ya treni: gati la Mwanza Kusini kwa toileti pepa, na epoksi kidogo tu

Mara ya kwanza nimetengeneza ziwa kwenye meza yangu ya treni ndogo za mfano nilijiona fundi kweli kweli. Chini nimepaka bluu, juu nimemwaga epoksi (ile ya maji maji ya chupa mbili, ukizichanganya inaganda ngumu kama kioo) lita nzima, panang'aa unaweza kunyolea ndevu pale, nikapanga na meli na mabehewa yangu, nikawa nasubiri mgeni wa kumwonyesha. Mgeni akaja, mama yangu mzazi, kaja Dar kunitembelea. Akasimama pale mezani na kikombe chake cha chai, akaangalia meli, akaangalia mabehewa, akaangalia maji kwa muda mrefu kidogo, alafu akaniuliza, "Baba, hii ndo Mwanza au ni Zanzibar?"

Mama amekulia Igogo, amefua nguo kwenye lile ziwa, sasa utabishana naye nini. Nikabomoa. Ya pili ikavuja usiku (nitaelezea huko mbele). Hii ya tatu ndo imesimama, na mama kaipitisha, kwa hiyo naandika hapa jinsi nilivyoifanya pamoja na nilipokosea, ili mwenzangu unayetaka kuweka maji kwenye meza yako usiunguze hela kama mimi.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: maji ya kwenye meza ya treni yanatengenezwa na rangi ya chini, kingo za ufukwe na mng'ao wa juu. Epoksi inakuja baada ya hapo, tena mara nyingi haina hata kazi. Wengi tunaanzia mwisho, tunanunua chupa kwanza alafu ndo tunauliza maji yenyewe yakoje.

Kwa hiyo anza na kuangalia. Kama unaishi mbali na sehemu unayoitengeneza tafuta picha, picha za watu wa kawaida waliopiga na simu, sio zile za matangazo ya utalii ambazo maji yote duniani yamegeuzwa bluu. Na usidhani maji ni maji. Chukua reli yetu ya kati tu hii ya zamani. Ukiwa unatengeneza Kigoma, ambako reli ilifika 1914, pale una Ziwa Tanganyika, kina kinapita mita 1,400, maji maangavu mno, pembeni unahesabu mawe chini, mbele kidogo inakuwa bluu nzito kama wino. Ukiwa unatengeneza daraja la mto Ruvu wakati wa masika, ile ni chai ya maziwa, huoni hata kidole chako kikizama. Ukija Mwanza, reli imefika 1928, una Ziwa Victoria ambalo pamoja na ukubwa wake wote kina chake hata pale parefu kabisa ni kama mita 80 tu, na ghuba ya Mwanza imejaa mwani, rangi yake karibu na mji ni kijani kama maji ya mlenda. Sasa mimi nimepaka bluu alafu nikamwagia kioo juu ili watu waone chini. Waone nini? Pale gatini ukiangusha spana usitegemee kuiona tena, imeenda.

Ndo maana nasema kwa Mwanza, na kwa mito mingi ya kwetu, huhitaji epoksi kabisa kwenye maji makubwa. Maji yasiyoonyesha ndani unayapaka rangi, basi. Epoksi nimeitumia sehemu moja tu ndogo, kona ya mawe ambapo maji ni ya magotini na unaona mchanga.

Kingine cha kukumbuka ni jicho liko wapi. Ukisimama ufukweni ukaangalia mbali, maji yanakurudishia anga, ndo unayaona ya bluu au ya fedha. Ukisimama juu ya daraja ukaangalia chini ya miguu yako anga inapotea, unaona rangi ya maji yenyewe. Kwenye meza sisi tunaangalia kama tuko kwenye ndege inayotaka kutua, kwa hiyo anga haitusaidii sana, ule uzito wa kina lazima uupake mwenyewe kwa mkono.

Tuje kwenye vipimo. Mimi natumia skeli ya 1:87, yani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli za upana wa milimita 12, kwa sababu reli yetu ya zamani ni mita moja, gawanya kwa 87 unapata 11.5, tofauti hiyo hakuna mtu ataiona. Meza yangu ni sentimita 120 kwa 60. Zile meli za kubebea mabehewa kama MV Umoja zina urefu wa karibu mita 90, yani kwenye skeli hii ni zaidi ya mita moja, ingekula meza yote, kwa hiyo nimetengeneza kipande tu, upande ule unaogusana na reli, kwingine kote meli imekatwa na ukingo wa meza kama picha inavyokatwa na fremu. Usione aibu kukata, inapendeza kuliko kuifupisha meli mpaka inafanana na kiatu.

Na mawimbi nayo yana skeli, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Kiwimbi cha gatini cha sentimita 10 kikigawanywa kwa 87 ni milimita moja na kidogo. Wimbi la nusu mita, ambalo mtu wa mtumbwi mdogo anaanza kukumbuka sala zake, ni kama milimita 6. Ukiona mawimbi yako yana kimo cha sentimita mbili jua umetengeneza tufani na hiyo meli isingekuwa gatini siku hiyo.

Msingi wangu ni plaiwudi ya milimita 9 juu ya fremu ya mbao, ngumu, isiyocheza ukiibonyeza. Juu yake nimegundisha plaiwudi nyingine nyembamba ya milimita 3, ila ile ya juu nimeikata kona moja, sentimita 30 kwa 20, nikaitoa, kwa hiyo pale pana shimo la kina cha milimita 3. Hiyo ndo kona ya epoksi. Ukingo wa shimo nimeuziba na puti ya ukuta ukawa mteremko, usiwe ngazi, maana rangi inatakiwa iteremke taratibu kutoka maji mafupi kwenda marefu. Nchi kavu nimeinua kwa stairofomu nyeupe zile zinazokuja ndani ya boksi la tivii, usizitupe, na gati limekaa sentimita 2 juu ya maji. Uso wa maji ndo meza yenyewe, ardhi ndo inapanda. Ni rahisi mara mia kuliko kuchimba.

Baada ya hapo chukua pima maji, na safari hii jina lake limefika nyumbani. Meza ikiwa imelala upande hata kidogo epoksi itakusanyika kona moja na hutaigundua mpaka kesho yake imeshakauka. Weka pima maji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, chomeka vipande vya karatasi ngumu chini ya miguu ya meza mpaka kiputo kikae katikati.

Mawe ya Mwanza sasa, hapa nilikaa wiki mbili na sijutii. Mtu yeyote aliyefika pale anayajua, yale majabali yamepandana kama mtu aliyapanga alafu akaondoka, lile la Bismarck likiwa maarufu kuliko yote. Kwenye mafunzo mengi ya wazungu wanakufundisha kukunja karatasi ya foili, unamwagia jipsamu, inatoka na kingo kali kali, ni nzuri kwa milima yao ila kwa Mwanza ni uongo, mawe yetu ni ya mviringo, yameliwa na jua na mvua. Nikachonga stairofomu kwa kisu chenye makali mapya, nikapiga msasa, nikapaka uji wa jipsamu uliochanganywa na gundi nyeupe ya mbao ili usipasuke. Nilijaribu kokoto halisi pia, zilikataa, kokoto ndogo haifanani na jabali kubwa, chembe zake ni kubwa mno ukilinganisha na behewa lililo pembeni.

Rangi ya mawe usitumie kijivu kitupu. Kijivu weka tone la kahawia na tone dogo la pinki, ndio pinki, kaangalie picha. Ikikauka pitisha maji machafu, yani rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mengi mpaka inafanana na chai ya rangi, iache itiririke kwenye nyufa yenyewe. Alafu sehemu inayogusa maji weka mstari mweusi wa unyevu, milimita mbili tatu, juu yake mstari mwingine mpana uliopauka, huo ni ule ziwa lilipokuwa limepanda likashuka. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka likapita ile rekodi ya 1964, watu wa mwaloni wanakumbuka, kwa hiyo mimi mstari wangu wa pili nimeuweka juu kwa makusudi. Mwisho kabisa, juu ya majabali, brashi kavu yenye rangi nyeupe kidogo sana, telezesha kwenda chini: mavi ya ndege. Bila hayo jabali la ziwani halijakamilika, mnandi na yangeyange wanashinda pale kutwa.

Gati lenyewe sitalielezea sana, kila mtu ana lake. Nguzo ni vijiti vya mishikaki vya milimita 3, matairi ya kuzuia meli isigonge ukuta ni oringi, vile vipete vya mpira vya fundi bomba, zile za kipenyo cha milimita 11 au 12, zipauke kwa vumbi la chaki zisionekane mpya. Kutu chini ya kila bolti, na kijani cha ukungu kwenye mstari wa maji. Ukisahau huo mstari wa kijani nguzo zinaonekana zimesimamishwa jana.

Haya, maji yenyewe. Toileti pepa.

Najua inachekesha ila ndo siri yenyewe, na kwa bei ya chupa moja ya epoksi unanunua toileti pepa ya mwaka. Tafuta ile ya bei rahisi, laini, isiyo na maua maua yaliyogandamizwa, maana yale maua yatatokea kwenye ziwa lako. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji nusu kwa nusu. Paka kwenye plaiwudi, laza kipande cha pepa, alafu paka tena juu yake kwa brashi laini iliyolowa vizuri. Pepa linalegea linakuwa kama ngozi ya maziwa. Sasa hapo hapo, kabla halijakauka, ligonge gonge kwa ncha za brashi, lisukume taratibu kwa upande, utaona linajikunja vikunjo vidogo vidogo, na hivyo vikunjo ndo mawimbi. Kingo za pepa chana kwa mkono usikate kwa mkasi, ukikata utaona mstari mnyoofu katikati ya ziwa na hakuna rangi itakayouficha. Kila kipande kilalie mwenzake kidogo.

Mawimbi yafuate upepo. Chagua upepo unatoka wapi, andika mshale kwa penseli kwenye ukingo wa meza usisahau, na vikunjo vyote viwe vimeukatiza huo mshale. Ila nyuma ya gati, upande uliokingwa, lainisha, maji yametulia pale, na karibu na majabali vikunjo vipinde kidogo vifuate umbo la jabali. Hiki kitu kimoja tu, maji kutulia nyuma ya ukuta, kinafanya kazi kubwa kuliko epoksi yoyote. Meza ya kwanza mawimbi yangu yalikuwa sawa kila mahali kama bati la msauzi.

Acha siku nzima likauke, ukiona kumeinuka kiputo toboa na sindano, weka gundi kwa bomba la sindano, bonyeza. Ukitaka mawimbi makubwa zaidi ongeza tabaka la pili pale tu unapotaka.

Rangi tumia ya maji, sio ya mafuta. Mimi nilichanganya vibakuli vitatu: kimoja kahawia ya mchanga wenye tope, cha pili kijani cha mlenda, cha tatu kijani hicho hicho nimekiua na nyeusi na kahawia mpaka kiko karibu na giza. Bluu sikuifungua kabisa, isipokuwa mwishoni kule mbali nilipitisha kijivu chenye bluu kwa mbali sana ili jicho lidhani ni anga. Anza ufukweni na kahawia, katikati mlenda, mbele giza, na pale zinapokutana fanya haraka wakati zote mbili mbichi, tumia sponji lenye unyevu, gonga gonga mpaka usijue moja inaishia wapi. Itaonekana mbaya. Nakwambia mapema, ikiwa haijawekwa vanishi itaonekana kama ukuta uliopauka na utataka kukata tamaa, usikate.

Vanishi ni ile ya maji, ya glosi, isiyo na rangi. Usichukue vanishi ya mafuta ya milangoni, inageuka njano baada ya muda na ziwa lako linaugua manjano. Paka tabaka jembamba, subiri likauke kabisa, paka jingine. Mimi nilifika matano. La kwanza hutaona kitu, la pili utasema mh, la tatu ndo unaita watu waje waone. Vikunjo vya pepa vinaanza kushika mwanga wa dirishani, kila ukisogeza kichwa maji yanasogea.

Sasa kile kikona cha epoksi, na hapa punguza mwendo maana makosa ya hapa hayafutiki.

Kwanza hakikisha ulichonunua ni epoksi kweli. Duka moja waliniuzia kopo lisilo na lebo, wakaniambia epoksi hiyo mzee, nikamwaga, harufu ikajaa nyumba nzima na stairofomu ikaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu kama barafu. Ilikuwa poliesta, inafanana na epoksi ila ni kitu kingine. Namna ya kujua kirahisi: epoksi inakuja na chupa mbili kubwa kubwa, unachanganya kipimo kimoja kwa kimoja, au mbili kwa moja, kulingana na lebo. Ukipewa kopo kubwa na kichupa kidogo cha kudondoshea matone, hiyo ni poliesta, inakula stairofomu, mrudishie. Epoksi yenyewe haili stairofomu ila inachemka ikiwa inakauka, ukimwaga nene kwa mara moja joto lake linatosha kulegeza chini, na wakati mwingine inapasuka. Kwa hiyo usipite milimita 3 hadi 5 kwa mara moja, ukitaka kina zaidi subiri siku, mwaga tena.

Hesabu yake ni nyepesi, urefu mara upana mara kina kwa sentimita unapata mililita. Kona yangu 30 mara 20 mara 0.3 ni mililita 180. Nikiwa na epoksi ya mbili kwa moja ni 120 za chupa kubwa na 60 za hadena, yani ile chupa ya pili ya kugandisha. Lebo ikisema kwa uzito tumia mzani wa jikoni, ikisema kwa ujazo tumia kikombe chenye alama, usibahatishe kwa jicho, ukikosea hapa haikauki milele, inabaki kama gundi ya panya.

Chini ya epoksi lazima kila kitu kiwe kimeshakamilika na kukauka. Mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai, vijiwe, tairi bovu lililozama, chupa, kamba. Jipsamu yenye unyevu itatoa viputo. Na matundu! Meza ya pili niliacha tundu moja la msumari, dogo tu, nikamwaga saa nne usiku nikaenda kulala, asubuhi ziwa limeshuka nusu na kwenye kapeti ya mama watoto kuna kisiwa kigumu, kina umbo la Ukerewe kabisa, na hakitoki mpaka leo, kimefunikwa na stuli. Tangu siku hiyo nafanya hivi: napaka gundi nyeupe tabaka mbili kwenye shimo lote, alafu usiku nazima taa, nawasha tochi ya simu naiweka chini ya meza. Penye tundu mwanga unapita. Penye mwanga ziba na silikoni. Kama shimo lako linafika ukingo wa meza weka ukuta wa plastiki ngumu, upande wa ndani uvalishe seloteipu pana ile ya kufungia maboksi, epoksi haiishiki vizuri, ikikauka unabandua.

Vaa glavu, fungua madirisha, watoto watoke. Epoksi ikizoea kukugusa ngozi unaweza kupata mzio ambao hauondoki, hili sio la utani. Loweka chupa kwenye maji ya moto dakika chache kabla ili iwe nyepesi, koroga polepole dakika tatu nne ukikwangua pembeni na chini ya kikombe, usipige kama mayai maana unaingiza hewa. Weka tone la rangi, tone kweli, ncha ya kijiti cha meno yenye kijani na kahawia, maji mafupi ya Victoria sio kioo. Mwaga katikati, iache itembee yenyewe, isaidie kwenye kona kwa kijiti. Viputo vikipanda pitisha moto wa kiberiti cha gesi haraka haraka kwa juu, usikae sehemu moja na usisogelee stairofomu.

Alafu funika. Nasisitiza, funika na boksi hapo hapo. Mimi meza ya tatu nilimwaga jioni moja ya mvua, taa imewaka, nikasema ngoja nitafute boksi, nilivyorudi kumbikumbi wameshaingia kufuata taa na watatu wako ziwani wanaogelea. Wawili nikawatoa kwa kibano, wa tatu aliacha mabawa, nilipojaribu kuyavuta nikaona naharibu, nikayaacha. Kumbikumbi wa sentimita moja na nusu kwenye skeli ya 1:87 ni mnyama wa mita 1.3, fikiria mwenyewe. Sasa hivi pale juu kuna mtumbwi.

Kama unaishi sehemu yenye unyevu kama Dar, usimwage siku ya mvua, mimi nilikuwa na haraka zangu. Epoksi ikikauka na utando wa mafuta mafuta au weupe juu, ifute kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, mara nyingi inatoka. Utaona pia imepanda kidogo kwenye mawe, kama chai inavyopanda kwenye mkate, ule mng'ao uliopanda juu sana uue kwa vanishi isiyong'aa.

Uso wa epoksi ukikauka ni bapa kama kioo, na pembeni yake kuna maji ya pepa yenye mawimbi, lazima uunganishe. Nilitumia jeli ya akriliki ya glosi kutoka duka la vifaa vya wachoraji, inatoka nyeupe kama dawa ya meno ikikauka inakuwa angavu. Pakaza nyembamba, gonga gonga na brashi, vuka mpaka kati ya epoksi na pepa mpaka kiungo kipotee. Ukikosa jeli kuna silikoni angavu ya mabomba, unaitandaza kwa kidole chenye maji ya sabuni, inafanya kazi ila ujue rangi haishiki juu ya silikoni, kwa hiyo iwe ya mwisho.

Mitumbwi ikate chini iwe bapa, ikae imezama, mtumbwi wenye tumbo zima juu ya maji unaonekana kama umewekwa mezani, na ndo ukweli wenyewe. Ukishaigundisha zungushia uzi mwembamba wa jeli pembeni uonekane maji yameukumbatia. Povu jeupe weka kidogo sana, pale maji yanapogonga jabali na nyuma ya chombo kinachotembea, brashi karibu kavu. Ukijishika unaweka povu kila mahali weka brashi chini kanywe maji.

Mafunjo nayafurahia kuliko hata treni. Funjo la kweli lina mita 3 hadi 5, kwa hiyo kwangu ni sentimita 4 hadi 5, na watu wengi wanayafanya mafupi kama nyasi. Shina ni nywele za fagio la plastiki la kijani, zipake rangi zising'ae. Kichwa ni katani: fumua kamba ya mkonge, chovya nyuzi kwenye rangi ya kijani iliyozimuliwa, zikikauka kata vipande vya milimita 5, shika kifungu kidogo kwa kibano, tone la gundi ya haraka kwenye ncha ya shina, bandika, alafu zipulize zifunguke kama mwavuli. Kimoja kimoja. Nilitengeneza kama 200 nikiangalia mpira, macho yaliuma. Toboa tundu kwa sindano, chomeka kwa vichaka, marefu nyuma mafupi mbele, na kila shina la sita au la saba liwe limekauka kahawia au limevunjika, maana hakuna kichaka cha mafunjo ambacho chote ni kizima.

Gugumaji limeanza kusumbua ziwa miaka ya mwisho ya 80 na ukitengeneza gati la Mwanza bila hilo mtu wa kule atashangaa. Kausha kotmiri kivulini, sagia kwa vidole, chekecha upate vipande vya milimita moja hivi. Vichanganye na gundi na rangi ya kijani iliyokolea vizuri, rangi ivifunike kabisa, la sivyo vinapauka na mende wanakuja kula bustani yako usiku. Ua lake ni nukta ya zambarau iliyochanganywa na nyeupe, chache, ncha ya kijiti. Ila usilimwage moja kwa moja kwenye maji. Kata vipande vya plastiki angavu kutoka kwenye kifuniko cha boksi la keki, maumbo ya hovyo hovyo, bandika gugumaji juu ya hivyo, alafu viweke ziwani bila gundi. Ziwani upepo ukigeuka gugumaji linahama, leo limeziba gati kesho liko ng'ambo, na mimi nikitaka kupangusa vumbi kwa brashi laini natoa vipande vyote, napangusa, narudisha. Kwangu anayerudisha ni kijana wangu wa miaka sita, kila mara anayaweka mbele ya meli, anasema leo haiondoki.